Shavu la Mguu Linalocheza

Fundi cherehani alikuwa anapinda suruali ya mteja pale shavu la mguu wake wa kulia lilipoanza kucheza. Likacheza, likatulia, likacheza tena, kama vile kuna panya mdogo chini ya ngozi anatafuta pa kutokea. Fundi akaacha kukanyaga cherehani, akapandisha suruali, akaukazia mguu macho. Kimya. Akashusha suruali. Panya huyo, kazini!

"Ananivizia," akasema moyoni.

Daktari alimgonga magoti kwa kinyundo, akamtembeza kwa visigino, akamsimamisha kwa vidole. "Nguvu unazo, mzee. Unakanyaga cherehani kutwa, kahawa chupa nzima, usingizi haba. Misuli lazima icheze. Haina madhara."

Fundi akatoka na shaka zaidi kuliko alivyoingia. Mbona yule daktari alitabasamu sana? Yeye alishasikia habari za ugonjwa unaoanza hivyo hivyo, kisha misuli inakonda mpaka mkono unaachia mkasi. Na gauni la harusi la bintiye lilikuwa bado kitambaa mfukoni.

Basi akawa anajipima kwa siri. Kila asubuhi anarudishia mlango wa duka, anazungusha tepu kwenye shavu la mguu. Kipimo kilikuwa kile kile, mpaka siku alipochukua tepu msumarini akakuta mguu umepungua nusu inchi. Akapima wa kushoto. Nao umepungua!

Akaenda nyumbani kwa mkewe na kitambaa kwapani. "Mama, mpelekeeni fundi mwingine."

"Fundi gani? Yule unayesema anashona magunia?"

"Usinizungushe. Daktari alikuambia nini?"

"Mimi nimeonana naye wapi? Ndiyo maana siku hizi nikikuwekea chai unanitazama kwa jicho la pembe!"

Fundi akapandisha suruali, akajipima mbele yake. "Jionee. Nakwisha."

Mkewe akamnyang'anya tepu, akajizungushia kiunoni, akasoma. Akasoma tena. "Haa! Kiuno changu cha usichana kimerudi! Baba, na mimi nakwisha?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoa tepu nyingine kwenye kikapu. "Mpya hii hapa, niliichukua juzi dukani nipime mapazia, nikakuachia hiyo msumarini. Hiyo si ile kuukuu uliyosema nikaitupe?"

Fundi akazilaza mezani bega kwa bega. Ile kuukuu ilikuwa imevutika kwa miaka ya kuning'inia, inchi zake zimenenepa. Akajipima kwa mpya. Mguu ulikuwa vile vile, haujapungua hata uzi.

Akatandaza kitambaa cha gauni, akashika mkasi. Chini ya meza, panya akaanza kucheza. Fundi akasita, akaitazama ile tepu mpya, akamtazama mkewe, akaenda kuchukua rula ya mbao akailinganisha nayo.

Zilikuwa sawasawa. Akakata.