Akilala Kinaacha Kuuma

Scholastica alikuwa mwanamke wa jembe. Aliolewa kijijini Morotonga akitokea upande wa Tarime, na tangu alipofika, shamba lake la mahindi na ulezi ndilo lililolisha nyumba, kwa kuwa mumewe Machage alikuwa mtu wa ng'ombe. Hakuwa msemaji. Ndugu wa mume walipokutana kuzungumza mambo ya ukoo, yeye alipika, akapakua, akaondoa vyombo. Watoto wake wawili wa mwanzo walifariki wangali wachanga. Aliyebaki ni Wegesa, msichana wa miaka tisa, mbishi, mwenye maswali yasiyokwisha.

Homa ilimshika Wegesa wakati wa palizi. Kwanza walidhani ni malaria, wakampa dawa za dukani. Kesho yake shingo ilikaza kama mti na mtoto akawa hataki kuona mwanga. Machage aliita pikipiki, wakampakata katikati yao hadi hospitalini Mugumu.

Daktari alimpima, akamjaribu shingo, akawageukia wazazi.

"Nashuku homa ya uti wa mgongo. Dawa naanza sasa hivi. Lakini nataka nichukue maji kidogo mgongoni, nijue napigana na kitu gani."

Machage aliangalia sakafu. Habari za sindano ile alikuwa nazo, kama kila mtu, naye akazitaja. Mtoto wa fulani alichomwa mgongoni akapooza. Wa fulani alichomwa asubuhi, jioni wakamzika.

"Hao walifika wakiwa hoi," alisema nesi wa wodi ile, mama wa makamo aliyeitwa Kauthar. "Watu wanaiona sindano, baba. Ugonjwa hawauoni."

Ndipo Scholastica, kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, akasema kabla ya mumewe.

"Mchomeni."

Alimshika mwanawe mwenyewe, amekunjwa, magoti yamefika kifuani. Maji yaliyotoka yalikuwa na ukungu, kama yaliyooshewa mchele. Daktari aliyatazama akatikisa kichwa. Ugonjwa ulikuwa ndio huo.

Dawa zilifanya kazi. Homa ilishuka, shingo ikaanza kulegea, na Wegesa akaomba uji. Scholastica alimwinua aketi anywe. Mtoto alipiga yowe, akakishika kichwa kwa mikono miwili, akatapika. Alipolazwa tena, maumivu yakakata. Alipojaribu kuketi, yakarudi.

Kauthar alikuja akaketi kitandani. "Pale sindano ilipopita pana kitundu, maji yanavuja kidogo. Akiketi, kichwa kinauma. Akilala kinaacha. Kitundu kitajiziba chenyewe, ni siku chache tu. Mwache alale, anywe sana, nitampa dawa ya kutuliza. Ila nisikilize vizuri, mama Wegesa. Hizi dawa za kwenye mshipa zisikatike, hata ukimwona mzima."

Mchana ule Nashoni, kaka mkubwa wa Machage, alikuja kumwona mgonjwa. Wegesa, kwa kumheshimu baba yake mkubwa, alijiinua ili amwamkie. Hakuimaliza ile shikamoo. Alianguka kwenye mto akilia.

Nashoni aliwatazama wazazi. "Mlimleta na homa," alisema. "Kichwa hiki amekipata wapi?"

"Shemeji, nesi amesema ni ile sindano, kitaisha," alisema Scholastica.

"Kwa hiyo hata wao wanakubali. Wamemtoa maji ya kichwani, na wewe ndiye uliyewaruhusu." Akamgeukia mdogo wake. "Mchukue mtoto kabla hawajarudia."

Daktari aliitwa. Alieleza kwa upole, kisha kwa ukali, mwisho akawa kama anayeomba. Machage aliitikia kila neno kwa adabu. Kisha akambeba mwanawe. Scholastica alikuwa ameshika chuma cha kitanda, na mumewe alimsubiri hadi alipokiachia.

Nyumbani walimlaza Wegesa mkekani. Alikuwa amelala, basi kichwa hakikuuma. Alikula ugali kidogo na maziwa, akauliza habari za ndama. Nashoni alichungulia mlangoni, akasema, "Mnaona sasa." Machage akapumua. Hata Scholastica, aliyeyasikia maneno ya Kauthar kwa masikio yake, alianza kuamini kwamba mwanawe amepona. Jambo hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko yote.

Maana ndani ya mwili ugonjwa haukuwa umekufa. Homa ilirudi kwa nguvu, kisha degedege. Walipomfikisha tena hospitalini hakumjua mama yake. Hakuna aliyewalaumu. Kauthar alitafuta mshipa kwenye mkono mdogo uliokauka, midomo ameibana.

Wegesa hakufa. Alikaa siku nyingi bila kujitambua, kisha asubuhi moja akafumbua macho. Scholastica alimwita, akamshika shavu, akamwambia asiogope, wako wote. Mtoto alimtazama midomo, akakunja uso.

"Mama, mbona hutoi sauti?"

Scholastica akarudia kwa nguvu zaidi. Wagonjwa wengine wakageuka.

"Ongea, mama," Wegesa alisema.

Nashoni alileta mbuzi wa kuomba radhi. Scholastica alimpokea akamfunga zizini, hakuchinjwa. Machage aliacha kwenda kwa kaka yake, na nyumbani pia maneno yakampungua. Baadaye walimpeleka mtoto kwenye shule ya viziwi, mbali. Likizo alirudi na mikono iliyojaa maneno, akazungumza mbele ya wazazi wake haraka haraka, nao wakabaki wanaitazama mikono. Wakati mwingine alikasirika, akatoka nje.

Mwaka juzi mtoto wa jirani yao Rubeni alilazwa kwa ugonjwa uleule. Scholastica na Machage walikwenda kumsalimu na chupa ya uji. Walimkuta Rubeni anakunja blanketi, na mwanawe amelala ametulia.

"Walimchoma mgongo," alisema Rubeni. "Sasa hawezi kuketi, kichwa kinampasuka. Namtoa."

Scholastica alifungua kinywa, lakini Machage alimtangulia.

"Akilala kinaacha?"

"Kinaacha."

"Basi mwache alale."

"Wewe hujui, Machage."

"Wangu nilimbeba mwenyewe kwa mikono hii, nikamtoa hapa. Alikuwa hivihivi." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ukitaka kuondoka, pitia kwangu kwanza. Amerudi likizo. Simama mlangoni umwite jina lake, uite upendavyo."

Rubeni alibaki na blanketi mkononi. Kisha akalitandika tena miguuni pa mtoto, akaketi. Njiani kurudi, Machage alitangulia kama kawaida yake. Scholastica aliona mabega yake yanatikisika, akapunguza mwendo asimfikie.

Mtoto wa Rubeni alimaliza dawa, kichwa kikaacha, akapona. Yu mzima kabisa na ana kelele nyingi. Siku nyingine Scholastica akiwa shambani humsikia anapita barabarani akitoka shule, anaimba. Yeye huendelea kulima.