Uvimbe wa kwapani

Leo sokoni Muleba mama mmoja kanishika mkono ghafla: "Mama yangu anasema wewe ndiye nesi uliyenichanja nikiwa mchanga."

Nikakumbuka mara moja.

Miaka ya ujamaa nilikuwa nesi kijijini Buganguzi. Ilikuja chanjo ya kifua kikuu ya aina nyingine, na baadhi ya watoto wakavimba kwapani. Uvimbe wa huyu ulipasuka, ukatoa usaha. Mama yake akanifokea mbele ya kliniki nzima: "Umemuua mwanangu!"

Wakubwa zangu walisema uvimbe utapona. Mimi nilikuwa msichana tu, jamani. Kila wiki nilikwenda kwao kusafisha kidonda, na mama yule haitikii hata salamu.

Leo binti yake ananivuta: "Njoo, mama yupo pale kwenye ndizi."

Nikajua naumbuka.

Mama yule, sasa bibi, akanishika mikono yote miwili. "Waitu, mwenzetu, nilikutukana bure. Nilikuwa naogopa."

Nikamwambia, "Hata mimi, mama. Nilikuwa nikitoka kwenu nalia njia nzima."

Mliochanjwa enzi hizo, mama zenu waliwasimulia nini?