Tukutuku, Mutwangio na Masikio ya Baba

Siku ile tulikuwa watu sita katika kiwanja chetu, pale kambi ya wafanyakazi wa reli, Kindu. Wa kwanza Baba yangu, Feruzi, mufundi wa vyuma. Wa pili Mama yangu, Zaina. Wa tatu Shangazi Mwavita, dada ya Baba wa tumbo moja, aliyekuja kukaa kwetu alipofiwa na mume wake. Wa ine Kapita Sumaili, musimamizi wa Baba kule atelye, karakana ya reli, mutu wa Kibombo. Wa tano muzungu wa mambo ya mashamba. Jina lake la kwao ninalijua vizuri, lakini nitamwacha na lile tulilompa sisi: Bwana Mupunga, kwa sababu alifuata mupunga wa watu mpaka ndani ya nyumba. Wa sita mimi, Salima, mutoto wa miaka kumi hivi. Na katikati yetu, tukutuku. Mama angesema tulikuwa saba.

Ninyi tuliokua pamoja wakati wa Wabelji, neno hili hamulihitaji kuelezwa. Vijana wa leo pikipiki wanaiita moto, kwa Kifaransa. Siku ya kwanza mujukuu wangu aliponiita, "Koko, moto iko mulangoni!", nilitoka na ndoo ya maji. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikawauliza, kama mashine inalia tuku-tuku-tuku, kwa nini muiite jina la kitu kinachochoma nyumba?

Tukutuku ya Bwana Mupunga ilikuwa nyeusi, tangi lake la esansi, ile petroli, limeviringa kama mugongo wa kambale, kiti cha ngozi juu ya chemchemi mbili za chuma. Kuiwasha ilitaka kuipiga teke, na ikikasirika ilikurudishia teke lile kwenye goti. Kule vijijini, njia ya Kibombo, watu waliisikia ingali mbali sana. Ikisikika tu, aliyekuwa anakula aliacha chakula, aliyekuwa mugonjwa aliamka, wote wakakimbilia shambani, maana Bwana Mupunga akikukuta umekaa ni fimbo, ao ni kifungo. Sisi watoto tulifanya muchezo wa jambo lile. Mumoja alishika kijiti kama usukani, akaunguruma tuku-tuku, wengine wote tukaokota vipande vya miti tukalima vumbi kwa nguvu. Wa mwisho kuinama alichapwa. Tulicheka sana. Sasa nikiwaza tulikuwa tunachekea nini, ninaona haya.

Kindu nzima hakukuwa mutu mwingine aliyejua dawa za mashine ile, basi wakubwa wa reli walimupa Baba ruhusa aitengeneze nyumbani kila ikirudi safarini, siku yoyote. Aliitandika juu ya gunia, akafungua kifuniko kimoja kimoja, akaosha munyororo katika bakuli la esansi. Kila kipande kilikuwa na mahali pake juu ya jani la mugomba, na ole wake kuku aliyepita pale! Nyumba ilinuka esansi, nguo zilinuka esansi, hata sombe ya Mama, majani yake ya muhogo, pamoja na mawese yake yote, ilikuwa na ladha ya esansi. Mama alisema, "Mimi nimeletewa muke mwenza wa chuma. Afazali angekuwa anajua kuteka maji." Baba alicheka tu, akapangusa tangi kwa kanzu yake nzuri ya Idi. Kwa ile kanzu Mama hakucheka siku tatu.

Sasa nieleze kazi yake ilivyokuwa. Baba hakuanza na funguo. Alianza na mutwangio wa Mama. Aliwasha tukutuku, akaweka ncha moja ya mutwangio juu ya motere, injini yake, ncha nyingine akaiuma kwa meno, akafumba macho. Watu walisimama kumutazama. "Feruzi anakula mutwangio!" Lakini akiinua kichwa alikwisha kujua ugonjwa uko wapi. Mimi nilizani kila fundi duniani anafanya vile.

Nilivyojua siri ni hivi. Siku moja nilimwita kutoka nyuma yake, mara moja, mara mbili, mara tano. Hakugeuka. Nikamugusa bega, akaruka kama mutu aliyeumwa na siafu. Akaniangalia sana. Kisha akanikalisha juu ya gunia na kuniambia kwamba miaka ya kupiga misumari ndani ya matanki ya vichwa vya treni ilikula masikio yake. Alisoma midomo ya watu. Motere aliisikia kwa meno tu, kwa njia ya ule muti, na hata huko sauti ilikuwa inapungua. Na kule atelye, mutu asiyesikia filimbi ya treni hawamuweki, maana atasagwa. Wanamuondoa kazini, na nyumba ya kambi inakwenda na kazi. "Salima," alisema, "hii iko ya wewe na mimi. Hata Mama yako asijue."

Toka siku ile nikawa masikio yake. Nilichuchumaa karibu naye nikimushika kidole, kama mutoto anayependa baba yake, na kweli nilimupenda. Nikifinya mara moja: tukutuku ni muzima. Mara mbili: anakohoa, esansi haifiki vizuri. Mara tatu: anagonga meno, vali zimelegea. Kwa kuwa mashine ilirudi siku yoyote, kalasi kule shuleni nilikwenda siku moja nikakosa mbili. Mwaka wa tatu njo ulikuwa wa mwisho wangu. Sijutii. Wenzangu walijifunza kusoma vitabu, mimi nilijifunza kusoma motere. Mpaka leo vijana wa moto wakipita kwetu hapa Kasuku, mutaa wa Kindu, wakiwa wamelegeza vali, mwili wangu unauma. Wanafunga maua ya plastiki kwenye usukani na redio chini ya kiti, lakini ugonjwa wa mashine yao hawaujui. Ikikohoa wanaongeza muziki.

Narudi kwa siku ile. Kapita Sumaili alikuwa na shemeji yake aliyetaka kazi ya Baba, na alikuwa mutu mwenye macho. Aliona Baba anavyoangalia midomo. Bwana Mupunga alirudi kutoka Kibombo na hasira, tukutuku inapiga kelele mbaya njia nzima, akaisukuma yeye mwenyewe mpaka kwetu. Kapita alimufuata nyuma. Baba akachukua mutwangio, mimi nikaenda kuchuchumaa mahali pangu.

"Bwana," Kapita akasema, akifunika mudomo kwa mukono ili Baba asimusome, "huyu Feruzi ni kiziwi. Anadanganya watu na muti wake. Musimamishe kule kwenye uzio, hatua kumi, atupe mugongo, asiguse kitu. Tuone kama atatuambia ugonjwa. Na huyu musichana aondoke pale."

Bwana Mupunga alimupenda Baba, nitasema ukweli. Alisita. Lakini neno lilikwisha kusemwa, akatoa ishara kwa mukono: nenda kule, geuka. Baba akaelewa. Alikuwa bila viatu, kama siku zote za kazi yake. Mama akamufuata, akamutoa mutwangio mukononi, akasema kwa sauti kubwa, "Nipe muti wangu, Feruzi, mupunga wangu unaningoja!" Kisha akanivuta mimi mpaka kwenye kinu chake, kilichokuwa karibu na ule uzio. Akainama kama anayenifunga kilemba.

"Nifinye mimi," akaninong'oneza.

Nikamutazama.

"Uliwaza sioni vidole vyenu? Nimelala na yule mutu miaka kumi na mbili. Nifinye!"

Bwana Mupunga akapiga teke, tukutuku ikawaka. Ndugu zangu, ilikuwa inagonga meno waziwazi, hata bata wangeisikia. Nikamufinya Mama mara tatu. Mama akainua mutwangio. Tu, tu, tu. Akanyamaza. Tu, tu, tu. Akanyamaza. Aridhi ya kiwanja chetu ilikuwa ngumu, imefagiliwa miaka, na pigo la kinu lilipita ndani yake mpaka kwenye nyayo. Nikaona vidole vya miguu ya Baba vinatulia juu ya udongo. Nikaona mabega yake yanashuka. Alikuwa amesikia. Akaanza kugeuza kichwa, polepole, akingoja hesabu irudi mara moja tena apate uhakika kabla ya kujibu.

Njo hapo Shangazi Mwavita alitoka jikoni.

Munajua desturi yetu. Mwanamuke hamuachi mwenzake atwange peke yake mbele ya wageni. Ni haya. Shangazi hakujua kitu cho chote, aliona tu wifi yake anatwanga kwa kusitasita kama mutu aliyechoka. Akashika mutwangio wa pili uliosimama ukutani. "Wifi, utatwanga peke yako kama mujane? Mujane niko mimi!" akasema, akicheka, akaingia. Tuliofundishwa na mama zetu tunajua namna ya kuingia: pigo lako linaanguka kati ya mapigo ya mwenzako, hakuna nafasi inayobaki. Tu-tu-tu-tu-tu-tu. Alikuwa hodari, Mwavita. Mama alimutazama kwa macho ya kumuomba, lakini hangeweza kusema, Kapita alikuwa hatua nne tu. Angeacha kutwanga pia angejulikana.

Tukutuku ikaunguruma. Mitwangio ikaunguruma. Katika hesabu yetu ya vidole, mapigo sita hayakuwako.

Baba akabaki ametupa mugongo. Vidole vya miguu vikakunjika, vikafunguka, vikatafuta. Kisha akageuka kabisa, naye hakuruhusiwa. Akatazama kinu. Akaona mitwangio miwili na dada yake anavyotabasamu kwa furaha ya kusaidia. Akaelewa yote. Nikaona anaelewa. Angeweza kupiga kelele, "Mwavita, acha!" Angeweza hata kubahatisha, moja katika mambo mawili, esansi ao vali. Hakufanya hivyo. Alimutabasamulia dada yake, akamutazama Bwana Mupunga, akasema kwa Kiswahili cha taratibu: "Bwana, Kapita anasema kweli. Sisikii. Masikio yangu ni ule mutoto pale."

Bwana Mupunga akazima mashine. Shangazi peke yake aliendelea kutwanga kidogo, kisha na yeye akaacha, akauliza, "Nini?"

Mwezi haukwisha tukaondoka kambini. Tulishuka Lualaba kwa mutumbwi mpaka Lokandu, tukakaa kwa ndugu za Mama, Baba akatengeneza mitego ya samaki, kazi isiyotaka masikio. Mutumbwini alinishika kidole, akasema chini, ao alizani anasema chini, maana kiziwi hajui sauti yake: "Usimwambie kamwe Shangazi yako." Shangazi Mwavita alikuwa mbele, amekumbatia kinu. Hakugeuka. Kama alisikia ao hakusikia, sikujua. Aliishi na sisi mpaka kufa kwake, akimulaani Kapita Sumaili kila mara, na kila jioni akitwanga pamoja na Mama, pigo kati ya pigo. Mama hakuwahi kumuacha atwange peke yake. Alipokufa Baba, njo Shangazi aliyelia kupita wote.

Leo mupunga unasagwa kwa mashine pale sokoni, mama mumoja anapeleka muzigo wake, analipa, anakwenda. Hakuna anayeingia katika pigo la mwenzake. Moto zinapita mamia, na kila kijana na simu yake masikioni, anasikia vizuri na hasikii mutu. Mimi sisemi zamani zile zilikuwa njema. Zilikuwa na fimbo. Lakini niliona mutu anaacha kazi, nyumba na jina lake la ufundi, ili dada yake asione haya mbele ya wageni.

Watoto wa Lokandu na wa ile kambi ya reli, muliobaki: kama nimekosea, munisahihishe. Labda tukutuku ilikuwa ya rangi nyingine. Labda nilimufinya Mama vibaya, mara ine, na kosa ni langu, si la Mwavita. Hilo ninaliwaza mara nyingi. Lakini musinipigie simu. Toka mwaka jana sauti zinanifikia kama mvua ya mbali. Kujeni, mukae karibu, munishike kidole. Nitaelewa.