Jani la Isale Mkononi mwa Mtoto

Anande amefundisha chekechea ya usharika, milimani juu ya Kikatiti, kwa miaka kumi na tisa. Vitabu vya kufundishia shukrani alivitengeneza mwenyewe kwa karatasi za maboksi, kalamu za rangi na uzi wa kushonea magunia. Kimoja watoto walikipenda kuliko vingine: mtoto kapewa maziwa na babu yake, kesho yake anarudi na chane ya ndizi. Chini Anande aliandika, "Asante, babu."

Mwaka juzi ofisi moja ya mtaa wa Sakina, mjini, inayochapa vitabu vya watoto, ilikichukua. Hakuomba malipo. Aliomba jina lake liwe kwenye jalada, basi.

Alipoitwa kukagua nakala ya kwanza, alikuta ndizi zimeondolewa. Mtoto ameshika jani refu la isale.

"Hili hapana," alimwambia Brenda, msimamizi wa ofisi. "Kwetu isale hupelekwa na aliyekosa, anapoomba msamaha. Na aliyepelekewa hawezi kukataa."

"Mwalimu, hiki ni kitabu cha watoto, siyo kikao cha ukoo. Jani linapendeza. Ndizi kila mtu anachora." Brenda alifunga faili. "Tukirudi kwa mchoraji, kitabu kinasogea mpaka mwakani. Au tukiache kabisa?"

Anande alitazama jalada. Jina lake lilikuwa pale, kwa herufi kubwa. Akasaini.

Vitabu havijamaliza miezi miwili darasani, Ruth, mtoto wa miaka mitano, alikata isale mpakani mwa shamba akampelekea babu yake, mzee Naftali, kumshukuru kwa maparachichi. Naftali na mwanawe Gerson, baba wa Ruth, walikuwa hawasemezani mwaka wa tatu, tangu Gerson amtukane msibani. Mzee alilipokea jani kwa mikono miwili. Aliamini mwanawe ndiye aliyemtuma mtoto. Akachinja beberu, akaita majirani, wakaongozana hadi kwa Gerson ili amwambie yamekwisha.

"Yamekwisha yapi?" Gerson aliuliza mbele ya watu wote. "Mimi sijakutumia kitu."

"Isale lako ninalo ndani."

"Hilo ni la kitabu cha mwalimu. Kasome na wajukuu zako."

Kuna waliocheka. Tangu siku hiyo mzee haonekani kanisani. Anande alikwenda kumwona, akamkuta amekaa jikoni peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si Mmeru?"

"Ni Mmeru, mzee."

"Hukujua maana yake?"

"Nilijua."

Naftali alisukuma kuni motoni. "Basi nenda, mwalimu."

Gerson alimhamisha Ruth shule. Baraza la wazee wa usharika likaagiza vitabu vyote virudishwe Sakina, na ofisi ikavichapa upya, safari hii kwa picha ileile aliyoichora Anande tangu mwanzo. Brenda alipiga simu kueleza kwamba jina wameliondoa, ili kuepuka maneno.

Anande anakisoma kitabu hicho darasani kila Alhamisi. Wiki iliyopita mtoto mmoja alimuuliza nani kachora hizi picha.

"Watu wa mjini," alisema, akafungua ukurasa unaofuata.