Mapishi Niliyosifiwa Hayakuwa Yangu

Wenzangu, kosa ni langu mwenyewe. Sisemi shetani alinipitia, maana nilikuwa na akili zangu timamu na hotpoti mbili mkononi. Jina langu nifichieni tu, mawifi zangu wanasoma humu.

Mume wangu alipimwa, presha ikakutwa iko juu. Daktari akamwambia apunguze chumvi na mafuta, aachane na vyakula vya barabarani. Na sie hapa Goba, jamani, tulikuwa tunaishi kwa chipsi! Muuza chipsi wa kona akituona tu anavunja mayai kabla hatujasema.

Nikawakalisha baba watoto na binti yetu sebuleni, nikatangaza kama mwenyekiti wa mtaa: chipsi mwisho, kuanzia sasa tunakula cha nyumbani, napika mie. Mume wangu alifurahi, halafu akaniuliza kama nitaweza na kazi zangu. Nikamjibu kwa nyodo kwamba asinifundishe jiko.

Mie ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Manzese. Mwanzoni nilipika kweli. Halafu zikaja sare za harusi, nikawa narudi mgongo hauna hali. Jirani na kibanda kuna mama lishe, maharage yake ya nazi unajiramba mpaka vidole. Nikasema leo tu. Nikampa hotpoti akanijazia.

Leo tu ikawa kila siku! Nawahi kufika, namimina kwenye masufuria yangu, hotpoti nazificha uvunguni mwa kitanda. Kisha nakaanga kitunguu kimoja, nyumba inukie mapishi. Baba watoto akiingia ananikuta nimejifunga kanga kiunoni, najifuta jasho. Mnafiki mie! Anakula, anashiba, ananiombea dua. Akawa ananisifia hadi kwa dada zake, nami napokea tu.

Siku ya kurudi kliniki nikamsindikiza, tena na dera jipya, naenda kupongezwa. Presha haikushuka. Ilikuwa imepanda.

Daktari akamuuliza kama bado anakula vya barabarani. Mume wangu akaapa: "Wallahi daktari, sijala nje. Nakula cha mke wangu tu."

Daktari akasema kama chakula si tatizo, basi itabidi amwongezee dawa. Akashika kalamu. Kabla ya kuandika akanigeukia, kwa upole kabisa: "Mama, kwenye sufuria ya maharage unaweka chumvi kiasi gani?"

Yarabi! Swali jepesi hivyo, nimelikosa. Wateja wa yule mama lishe ni mafundi gereji, watu wa jasho, chumvi hawabanii. Wala hana kosa, hakujua kama anampikia mgonjwa. Nikaona nikidanganya hapa kwamba ni kijiko kimoja, mume wangu anameza dawa kwa uongo wangu.

"Daktari, usiandike," nikasema. "Sipikagi mie. Nanunua Manzese."

Mume wangu hakufoka. Bora angefoka! Aliuliza taratibu, "Na kitunguu?"

Nikamwambia kitunguu ni changu.

Daktari aliinama kwenye karatasi zake, nadhani alikuwa anacheka. Mie nilitamani sakafu inimeze.

Sasa hivi napika kweli. Chumvi kidogo, mafuta kidogo, na binti yetu kila akionja ananiuliza kama naumwa. Presha ya baba yake imeanza kushuka, alhamdulillahi. Juzi nilikuwa nachambua mchicha, mume wangu akaja na kigoda akakaa mlangoni mwa jiko mpaka ukaiva. Nikadhani kaja kunipigisha stori. Kumbe ananilinda!

Dada zangu, na nyie kaka mnaojifanya mnapika, mtu akichoka aseme amechoka. Chemsheni ndizi, kateni parachichi, mle mlale, hakuna atakayekufa. Msiahidi makubwa mbele ya watu halafu mkatafuta njia za panya, hasa kwa mgonjwa anayekula akiwa amewaamini.

Mie nilitaka sifa, nikazipata. Leo nikipakua, mume wangu hanawi mikono kwanza. Ananitazama usoni, akiridhika ndiyo ananawa.