Nilikata nyasi za kando ya fensi, modeli ikaonekana imepatia

Wakuu, sasa. Mimi humu husoma tu, sipost. Leo natoa kitu kimekaa kwa diary yangu, na sijaongeza chumvi.

Niko Form Three, home ni Ndabibi.

Holiday iliyopita madam mmoja mtafiti alikuja na modeli ya kompyuta inayokadiria nyasi kwa picha za setilaiti. Alitaka kujua kama inasema ukweli. Mimi nikapewa kazi: simu inanionyesha pointi, naweka fremu ya waya chini, nakata nyasi zote ndani, nakausha, napima.

Baba alingojea majibu kuliko madam mwenyewe. Nyasi zikitosha, ng'ombe zetu zinabaki. Zisipotosha, ziende kwa shangazi huko Kabazi mapema, zikiwa bado na nguvu ya kusimama kwa lori.

Shida ilikuwa pointi. Nyingi ziliangukia katikati ya malisho, pale wachungaji hukaa. Siku ya kwanza mmoja akaniuliza, "Daktari wa nyasi, leo mgonjwa ni nani?"

Walicheka. Mimi nikabeba fremu hadi kando ya fensi, mahali hakuna mtu.

Huko kuna mtaro, ng'ombe hazifiki. Nyasi ni ndefu. Hiyo sikuifikiria.

Nikaandika kana kwamba nimekata kwa pointi, na vipimo vyangu vikalingana na modeli. Madam akafurahi. Baba akasema ng'ombe haziendi popote.

Wiki mbili baadaye nikikamua ng'ombe wetu Karoti, maziwa hayakufika nusu ya sufuria. Mbavu zake ningeweza kuzihesabu.

Baba alikuwa ananoa panga. Nikamwambia, "Baba, zile nyasi nilikata za fensi."

Akanoa kwanza. Halafu: "Mpigie madam. Wewe mwenyewe."

Nilipiga, nikamwambia yote. Alikuja, tukarudi kwa pointi zenyewe. Nyasi karibu hakuna. Modeli ilikuwa inaona kijani ya leleshwa, vile vichaka ng'ombe hawagusi.

Hakunigombeza. Alisema modeli ikikosea akijua, ataitengeneza. Ikionekana imepatia kwa sababu nilikata kwingine, hana la kufanya.

Aliyenishikia fremu siku hiyo ni yule yule mchungaji. "Si ungetuuliza tu? Hapa nyasi iliisha kitambo."

Jumamosi ng'ombe zilienda Kabazi. Karoti alipanda lori bila kusukumwa.

Nilichojifunza: pointi ikiangukia mbele ya watu, kata hapo hapo.

Kuna mwingine aibu imemharibia kazi? Andikeni hapa chini. Mkicheka pia ni sawa, nimezoea.