Shimo Ndani ya Migomba Yangu

Nilikwenda Katwe siku mbili kumtazama dada yangu, yeye huchota chumvi kule. Niliporudi Bwera nikakuta shimo katikati ya migomba yangu, na ndani yake sanduku la chuma lenye waya. Mwanangu mkubwa ndiye aliyewaruhusu watafiti wa ardhi kuchimba. Hakuniuliza.

Pale nilizika kondo la nyuma la kila mtoto niliyemzaa, wote saba, kila mmoja na shina lake la mgomba. Na shina walilong'oa lilikuwa la kitinda mimba wangu. Huyo mto ulimchukua akitoka shule, hatukupata hata kiatu chake. Kaburi hana. Kaburi lake lilikuwa lile shina, nalo walishawalisha mbuzi.

Nikakaa juu ya ule udongo, nikasema sitoki mpaka waje. Asubuhi wakaja, binti msomi na dereva wake. Binti alipiga magoti kunisalimu, hilo simnyimi. Akanieleza kwamba chini kabisa mwamba una moto mpaka unalainika, unatiririka polepole kama kucha inavyoota. Ukifika juu unagawanyika, huku na huku, unaivuta nchi iliyoulalia mpaka nchi inakonda na kupasuka. Ndiyo sababu tunaishi bondeni. Sanduku linasikiliza matetemeko, wapate kujua ule mwamba unaelekea wapi. Nilimwelewa vizuri sana. Hasira haikupungua hata kidogo.

"Bibi," akasema, "hata tusipochimba, ardhi hii itapasuka tu."

"Ipasuke yenyewe. Wewe usiianzie kwa mutoto wangu."

Binti akamwambia dereva alitoe sanduku. Wakalihamishia nyuma ya kanisa.

Udongo nilimwagiza mwanangu aurudishe kwa mikono. Jembe nilimkataza. Alipomaliza akapanda chipukizi pale pale, jasho linamtoka.

"Mama, mimi sikujua hii ilikuwa ya nani."

"Na ya kwako iko wapi?"

Hakujua. Mwanaume mwenye mvi. Hapo hasira ikanigeukia mimi: miaka yote nimekaa na majina ya mashina hayo kifuani, sikumwonyesha mtu. Nikamshika mkono, tena kwa nguvu, nikampitisha shina kwa shina. Nataja jina, naye anataja. Kila alipokosea nilimrudisha mwanzo.